Droo Iliyonitoa Mbele ya Mama Mkwe

Sawa, nitasimulia, maana najua nisiposimulia mimi Trésor atasimulia, na Trésor akisimulia ananivua nguo zote, wakati ukweli ni kwamba siku ile nilikuwa bado na shati, soksi na viatu. Aibu niliyoipata hapa Kolwezi siyo ya kunong'onezana: mpaka leo nikisimama kwenye barabara ya Musonoi kutafuta pikipiki, kuna dereva mmoja anapunguza mwendo, ananiita "Rulo!", halafu anaongeza mafuta na kuniachia vumbi. Basi sikieni kutoka kinywani mwangu mwenyewe, mcheke, yaishe.

Mimi nachora. Ndiyo kazi yangu, msikunje uso. Katika ateliye ya Tata Kazadi tunatengeneza vyuma vya ile mikanda mirefu inayobeba mawe ya shaba kutoka shimoni hadi kiwandani, na kabla mafundi hawajakata chuma hata kimoja, lazima mtu achore, na mtu huyo ni mimi. Kazi ya halali, tena ya kivulini. Lakini hebu jaribu kumweleza mama wa mchumba wako. Hapa kwetu ukiulizwa kijana anafanya kazi gani, watu wanataka jibu fupi: anachimba, anaendesha lori, anauza, ni mwalimu. Nadège, mchumba wangu, alipomwambia mama yake kwamba mimi nachora, mama aliacha kuchambua majani ya sombe akamwangalia.

"Anachoraka? Sawa batoto badogo ba masomo ya matenele?"

"Mama, ni kazi. Anachoraka mashini."

"Na yeye mwenye kuchora anakulaka nini? Karatasi?"

Nadège alinisimulia huku akicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, lakini nilicheka kwa meno tu, maana Jumamosi ya wiki ile ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka mahari. Baba yake alishakubali, wajomba walishakubali (wajomba wanakubali mapema kwa sababu ya bia), ila kila mtu katika nyumba ile alijua kwamba neno la mwisho ni la Mama Nadège, na Mama Nadège alikuwa hajasema neno. Nampenda yule binti, sitafichaficha. Nilikuwa silali vizuri.

Sasa wiki hiyo hiyo patroni wangu, Tata Kazadi, alikuwa amewaalika wakubwa wa matengenezo kutoka mgodi mmoja waje kuona modeli niliyoichora mimi, mafundi wakaiunda kamili pale ateliye. Niwaeleze kidogo, siyo kwa kujisifu (kidogo kwa kujisifu). Chini ya mkanda kuna rulo, mabomba ya chuma yanayozunguka na kuubeba. Rulo zinakufa kila mara, kwa vumbi, kwa matope, kwa mawe. Na rulo moja ikifa, mambo ni haya: mkanda unasimamishwa, watu kadhaa wanatambaa chini, wanainua mkanda kwa mnyororo, boliti zimeshika kutu, mmoja anatukana, mwingine anaminywa kidole, na huku wakubwa wanapiga simu kuuliza mawe yako wapi. Mimi nikasema, hapana, chuma kinachokufa kila mara kiwekwe mahali pa kutoka upesi. Nikachora rulo zikae tatu tatu ndani ya droo zilizopangwa mfululizo, kama droo za meza. Unashusha mkono wa chuma, rulo zinashuka zinaachana na mkanda, unachomoa pini moja, unavuta, droo yote inakuja nje na rulo zake. Mtu mmoja, mkono mmoja. Pembeni pote nikafunika kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo ili mtu asiingize mkono mashine ikizunguka, na kule mwishoni nikaweka kamlango ka wavu kenye springi, kanakojifunga kenyewe, kwa sababu mafundi wetu wana tabia ya kuacha milango wazi. Kanajifunga kenyewe. Kumbukeni hapo.

Wageni wanakuja, basi lazima wale. Tata Kazadi akauliza asubuhi moja pale ateliye: nani anapika vizuri mtaani humu? Na hapa ndipo uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa, uliponitoka mdomoni kabla sijafikiri:

"Mama Nadège, Tata. Hakuna anayemfikia."

Ni kweli anapika, hata askofu akipita mjini wanamwita yeye. Lakini mimi nilikuwa na hesabu zangu. Nilisema: atakuja, ataleta masufuria yake, ataona wakubwa wa mgodi wamesimama wananisikiliza mimi, atajua kuchora ni kazi, na Jumamosi atasema ndiyo. Nilijiona mjanja sana. Trésor, ambaye ni fundi wetu wa kuchomelea na rafiki yangu, alinitazama akaniambia: "Vié, unaleta bukwe ku kazi? Weye unatafuta bibi ao unatafuta maneno?"

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo, maana ukwe wetu mnaujua. Mkwe na mama mkwe hawasemeshani uso kwa uso, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha kwenye majani. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu mwingine. Siku hizi vijana wengi wameachia, wanapiga hadi selfi na mama mkwe, lakini Mama Nadège ni wa zamani, na kabla ya mahari ndiyo kabisa. Mimi nikamjibu Trésor kwamba sitamsemesha, nitaonekana tu.

Na ili nionekane, nikavaa suruali ya Jumamosi. Ndiyo, suruali niliyoshonesha kwa ajili ya mahari, ya rangi ya maziwa, imenibana kila mahali pa kunibana, pamoja na viatu vyangu vya ncha kali. Salopeti yangu ya kazi niliiacha kwenye msumari. Tata Kazadi aliniangalia kutoka juu hadi chini akasema tu, "Deo, unaenda ku misa?" na mimi nikasema ni heshima kwa wageni.

Wageni wakafika. Mkubwa wao, waliyemwita Shefu, alikuwa baba mnene mpole mwenye kalamu nyingi mfukoni, anayeuliza swali halafu anafumba macho kusikiliza jibu. Nikaonyesha. Nikashusha mkono wa chuma, nikachomoa pini, nikavuta droo kwa mkono mmoja huku mkono wa pili nimeuweka mfukoni kwa madaha, rulo zikatoka zinang'aa. Wakapiga makofi. Nikawaonyesha wavu, nikasema, "Ona, Shefu, hata kidole cha mtoto hakipiti hapa." Shefu akajaribu kidole chake, hakikupita, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Na kwa pembe ya jicho nilimwona Mama Nadège mlangoni mwa hangari, banda letu la kazi, na sufuria kichwani, amesimama kidogo. Kisha akaondoka bila kugeuza uso. Moyo wangu ulikuwa unaimba.

Tata Kazadi akatangaza kwamba tule kwanza, kisha turudi kuuona mkanda ukizunguka na mawe. Watu wote wakaenda uani nyuma ya hangari, na patroni wetu, ambaye hajui kula bila muziki, akafungua baferi zake mbili kubwa, rumba ikatikisa mabati. Mimi sikwenda, kwa sababu ya ukwe: chakula cha mama mkwe, yeye mwenyewe yupo, siwezi kukaa pale nikitafuna kuku mbele yake. Nikabaki hangarini peke yangu, na njaa yangu na suruali yangu.

Hapo nikaona spana. Spana kubwa, Trésor aliisahau ndani kabisa, juu ya rulo za droo ya katikati. Mkanda ukiwashwa na spana ile mle ndani, unachanika mbele ya wageni. Mtu mwenye akili angevuta ile droo aichukue (si ndiyo droo yenyewe, si ndiyo nimetoka kuionyesha!), au angemwita Trésor. Lakini kuvuta droo ni kuchafuka grisi, na kumwita Trésor ni kwenda uani kwenye chakula cha mama mkwe, kwa hiyo nikasema, nitapitia kamlango ka mwishoni, ninyooshe mkono, nichukue, basi. Kufuli langu lilikuwa kwenye swichi ya umeme, ili mtu asiwashe mkanda nikiwa ndani, na ufunguo mfukoni mwangu, hilo nililifanya kama inavyotakiwa, msinihukumu kwa yote.

Nikafungua kamlango, nikaingia kwa tumbo. Mkono haukufika. Nikasogea. Haukufika. Nikapanda juu ya rulo za droo ya katikati, zilikuwa zimeshushwa, na zile rulo, jamani, zilikuwa mpya, zinazunguka vizuri ajabu, zikanipeleka mbele hata kabla sijaomba. Nikashika spana. Na sekunde ile ile nikasikia nyuma yangu "kla!" Kamlango kamejifunga kenyewe. Nikashtuka, nikajipinda kugeuka, na hapo nikasikia mlio wa pili, mrefu zaidi, wa kitambaa. Suruali ya Jumamosi ilikuwa imenasa kwenye pembe ya chuma na kuachia mshono wote wa nyuma, kutoka kiunoni hadi karibu na goti.

Kwanza sikuogopa. Nikarudi kinyumenyume hadi kwenye kamlango, nikatafuta komeo. Komeo liko nje. Nikatafuta pini za droo. Ziko nje. Bila shaka ziko nje, nani alizichora huko? Nikasema nitapitisha kidole kwenye wavu nisukume komeo, na kidole hakikupita, hata kile kidogo, maana nilihakikisha mwenyewe, nilipima, nilijisifu. Katika michoro yote ile sikuwahi hata mara moja kumweka mtu ndani. Nilimweka nje tu, amesimama wima, anatabasamu, anavuta kwa mkono mmoja.

Nikaita "Trésor!" Rumba ikajibu. Nikaita "Tata Kazadi!" Rumba ikapandisha. Nikarudi kwenye ile droo ya katikati ambako angalau kulikuwa na nafasi ya kujikunja, nikalala ubavu, magoti kifuani, uso ndani na ile sehemu iliyopasuka imeelekea nje, nikangoja.

Na ni nani akaja? Si mnajua. Mama Nadège alikuwa ameweka sufuria za bukari ya pili, yaani ugali wa kuongezea, kwenye kivuli cha hangari, akaja kuzifuata, na mwiko mkononi. Nilimwona kwa kuchungulia chini ya kwapa langu. Alichukua sufuria moja, akaiweka tena chini. Akatazama huku na huku, akadhani hakuna mtu, akaisogelea mashine upande ule ambako droo ya kwanza ilikuwa imeachwa nje, akaigusa rulo moja kwa kiganja. Akaizungusha. Ikazunguka kimya, kama ilivyopaswa. Akacheka peke yake, kicheko kidogo, akaizungusha tena. Nawaambia ukweli, nilitaka kulia pale ndani. Huyu mama aliyeuliza kama nakula karatasi alikuwa anachezea rulo yangu na kufurahi, na mimi ningeweza kunyamaza tu, aende zake, mambo yote yawe mazuri.

Nikapiga chafya.

"Nani eko mule?" Mama akaruka nyuma. "Kama ni mwizi, uyue niko na mwiko ya bukari, na haiyapola bado!"

Nikajikunja zaidi. Akazunguka taratibu, mwiko juu, akafika upande wangu, akainama. Nadhani kitu cha kwanza alichokiona ni viatu, na namshukuru Mungu kama ni viatu.

"Hizi bilato..." akasema polepole. "Hizi bilato Nadège alinionyeshaka ku foto."

Halafu akageuka haraka, akanipa mgongo, akajifunika uso kwa kiganja. Yeye hawezi kunisemesha, mimi siwezi kumsemesha, na mtu wa tatu hakuna. Mwishowe Mama Nadège akanyoosha mwiko, bila kugeuka, akaigonga ile rulo ya droo ya kwanza, kama mtu anayebisha hodi.

"Weye rulo," akasema kwa sauti, maana muziki ulikuwa mkubwa. "Uulize uyu muntu: eko anafanya nini mu mashini wakati benzake beko banakula?"

"Rulo, umuambie mama: nilikuya kutosha spana, kiisha mulango ikajifunga."

"Rulo, umuulize: asi ni yeye alitengeneza ile mulango?"

"Rulo, umuambie... ni mi."

"Na hakuweka namna ya kufungula ku ndani?"

"Rulo, umuambie... hapana."

"Hum," akasema Mama Nadège, na ile "hum" hakuipitishia kwa rulo, aliileta kwangu moja kwa moja.

Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, akasema, "Rulo, umuambie angoje, niko nakuya kufungula," akaanza kugeuka, na mimi nikapata wazimu. Nikapiga kelele asigeuke. Hakusikia kwa sababu ya rumba. "Unasema?" Nikapiga tena. "Rulo, anasema nini? Sisikie!" Basi nikavuta pumzi yote ya Kolwezi, vumbi na yote, nikafungua mdomo, na pale pale, kama mtu aliyekuwa anangoja nyuma ya mlango, umeme ukakatika. Baferi zikanyamaza. Uani kukawa kimya, kijiko hakikugonga sahani, na sauti yangu ikaenda peke yake:

"RULO, UMUAMBIE MAMA ASIGEUKE, PATALO IMEPASUKA YOTE KU NYUMA!"

Halafu kutoka uani, sauti ya upole ya Shefu: "Patalo ya nani?"

Viti vikasogezwa. Nikasikia miguu ya watu wanakuja. Mama Nadège naye akaisikia, na hapa ndipo nilipojua yule ni mama wa namna gani, kwa sababu angeweza kutoka kwa mlango mwingine na kuniacha na mashine yangu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifungua kitenge chake cha juu, akataka kunirushia nijifunike. Kitenge kingepita wapi? Hata kidole hakipiti. Akasema lazima afungue. Lakini kugeuka hawezi, ukwe haumruhusu, sasa hata zaidi baada ya kujua habari za suruali, basi akaja kinyumenyume, mkono mmoja nyuma mgongoni unapapasa wavu, kitenge kiko mkono wa pili.

"Rulo, komeo iko fasi gani?"

"Ku mukono ya kushoto, mama! Rulo, umuambie ku kushoto!"

"Kushoto yangu ao yake?"

Jamani, tulikuwa tumepeana migongo, mimi nimelala ubavu, sikujua tena kushoto ni wapi. Nikasema "yake". Mama akaenda huko, mkono ukapapasa, ukapapasa, ukakutana na pini. Pini nzuri, nene, yenye pete kubwa niliyoichagua makusudi ili hata mtu mwenye glavu, hata gizani, aishike bila kutazama. Haikuwa ya kamlango. Ilikuwa ya droo. Akaichomoa, akashika, akavuta kwa mkono mmoja.

Na droo ikatoka. Ilitoka laini, bila mkwaruzo, ikiwa na rulo zake tatu na mimi juu yake, nimejikunja kama mtoto tumboni, nyuma wazi, spana kifuani, hadi mwisho wa reli, "tak", ikasimama. Mbele yetu walikuwa wamesimama Shefu na watu wake wote, sahani mikononi. Mama Nadège, bado kanipa mgongo, akasikia nimetoka, akarusha kitenge juu ya bega lake ili kunisitiri, na kitenge kikaanguka vizuri sana juu ya kichwa changu. Kichwa tu. Kule kwingine kote kukabaki kama kulivyokuwa.

Ndani ya kitenge kulinukia moshi na vitunguu, na mimi niliomba nibaki humo hadi uzee. Halafu nikasikia viatu vya Shefu vinazunguka droo polepole.

"Ni kilo ngapi?" akauliza.

"Uyu?" Tata Kazadi, ambaye hata kwenye matanga angeuza kitu, akajibu bila kusita. "Kupita rulo zote tatu, Shefu."

"Na mama alivuta na mukono moja?"

"Mukono moja."

"Bila kuangalia?"

"Bila kuangalia, Shefu. Modeli iko vile."

Trésor ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Kisha hangari yote. Nilivuta kitenge kutoka kichwani, nikakizungusha kiunoni, nikashuka kwenye droo, na nilipomtafuta kwa macho, Mama Nadège alikuwa ameshaondoka na sufuria yake ya bukari, mgongo umenyooka.

Lakini Shefu hakucheka muda mrefu. Alienda kwenye kamlango ka mwishoni, akakafungua, akakaachia, "kla", kakajifunga. Akafanya tena. Akafumba macho yake. "Tutaitwaa modeli yako," akaniambia, "sababu iko mzuri, nimeona kwa macho yangu. Ila kwanza weka komeo ku ndani. Weye ulikuwa na bahati, bantu beko karibu. Kwetu, muntu akifungiwa mu ile mashini, mule hakuna mama mukwe."

Hapo ndipo niliposikia aibu ya kweli, wenzangu. Ile ya suruali ilikuwa ya ngozi tu, inaosheka. Hii iliingia ndani, maana nilifikiria fundi wa usiku kule mgodini, ametambaa mle, anagonga wavu wangu niliojisifia, na nje hakuna mtu. Nilisema "ndiyo, Shefu," nikaenda kuvaa salopeti yangu.

Komeo la ndani nililichora jioni hiyo hiyo. Kesho yake nikampelekea Mama Nadège, kwa mkono wa Nadège, kuku jike na kitenge kipya, kama inavyofanywa kwetu mkwe akionwa pasipopaswa kuonwa. Nadège alicheka mpaka machozi, akapumzika, akanitazama, akacheka upya. Lakini nilipomuuliza mama amesema nini, akaacha kucheka.

"Hakusema kitu. Alitwaa kuku, akaingia mu kikoni."

Basi Jumamosi nilikwenda kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu, na suruali ya kuazima kwa Trésor inayoishia juu ya kifundo cha mguu. Tulikaa sebuleni kwao, watu wetu upande huu, watu wao upande ule, Nadège kwenye kiti kidogo kando ya mama yake. Vitu vikapokelewa, wajomba wakaridhika, utani ukaanza, na kila mtu alijua ule mkasa, nilisikia neno "tirwari", yaani droo, pale nyuma na watu wakibana vicheko. Halafu msemaji wao, mjomba mkubwa, akainua mkono. Mama Nadège alikuwa amemwinamia sikioni.

"Mama eko na ulizo moja," akasema mjomba. "Anasema hivi: ule kijana anachora bizuri, ameona, hana maneno juu ya kazi yake. Ila anauliza. Ile nyumba anataka kutiamo mutoto wake, mulango yake inafungukaka ku ndani?"

Sebule yote ikalipuka kwa kicheko. Mjomba mwenyewe alipiga paja. Mimi nilianza kucheka pia, kisha nikaona kwamba Mama Nadège hacheki. Kwa mara ya kwanza tangu nimchumbie binti yake, na mbele ya watu wote, alikuwa ananitazama usoni. Na Nadège alikuwa ameinamisha kichwa, anajishika vidole. Vicheko vikapungua kimoja kimoja, kwa sababu nadhani kila mwanamke mle ndani alishaelewa kabla yangu, na mimi nikaelewa wa mwisho, kama kawaida yangu.

Nikasimama. Suruali ya Trésor ikapanda hadi karibu na goti, lakini nikasimama.

"Mjomba, umuambie mama," nikasema. "Mulango inafungukaka ku ndani. Na siku moja Nadège akitaka kuifungula, mi sitasimama mbele yake. Naapa mbele yenu bote."

Mjomba akageuka ampelekee neno, ingawa alikuwa amelisikia kama tulivyolisikia sote. Mama Nadège akaacha kunitazama, akajifunga vizuri kitenge chake, kile kipya nilichompelekea, na alipojibu nikaona pembe ya mdomo wake inatetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia tangu siku ile.

"Muambie rulo," akasema, "nimesikia."